Kura Mbili za Senge

Kwa hiyo hapana, sijajuta. Nimejiuliza nikiosha vikombe asubuhi, nikajiuliza tena nikianika soksi za mume wangu juu ya kipasha joto, na jibu limebaki lile lile. Sijajuta hata kidogo.

Leo ni Ijumaa. Tangu alfajiri mvua imekuwa ikinyunyiza, ile mvua ya Birmingham isiyojua kama inakuja au inaondoka, kisha jua likachomoza ghafla na sasa lami yote ya mtaa wetu wa Castle Vale inang'aa kama imepigwa rangi. Wekesa wangu amelala chumbani, ametoka zamu ya usiku hospitalini. Namsikia akikoroma kidogo. Hata mkoromo wake naupenda. Ndiyo, nimesema. Nimeolewa juzi juzi tu, niacheni.

Kwa wale wanaopita kwenye shajara hii ya mtandaoni kwa mara ya kwanza: mimi ni Nekesa, yeye ni Wekesa. Kwetu Bungoma hayo ni majina ya watoto waliozaliwa msimu wa mavuno, mmoja wa kike na mwingine wa kiume. Siku ya harusi mshereheshaji aliposoma majina yetu ukumbi mzima ulipiga kelele, na bwana harusi wangu akaninong'oneza, "Mavuno yangu." Mpaka leo ananiita hivyo hata akiwa ananitafuta tu nimweleze chumvi iko wapi.

Lakini sikukaa hapa kuandika mapenzi. Nimekaa kuandika juu ya wanawake wawili waliokuwa wakigombea kiti kimoja cha ubunge, na juu ya mwanamke wa tatu ambaye hakuwa akigombea chochote, ila ndiye niliyemwogopa kuliko wote.

Mbunge wetu alijiuzulu, jimbo likaitishiwa uchaguzi mdogo. Majina kwenye karatasi yalikuwa mengi, lakini kila mtu hapa mtaani alijua mchuano ni wa wawili: Denise na Manjula.

Na mimi nilikuwa na kura! Hilo peke yake lilitosha kunifanya nitembee nikiwa nimeinua kichwa. Sikujua kwamba Mkenya mwenye kibali cha kuishi huku anaruhusiwa kumchagua mbunge, eti kwa sababu nchi yetu iko kwenye Jumuiya ya Madola. Wekesa ndiye aliyegundua, akanisajili, kisha akaja jikoni kunipa habari huku akitabasamu kama ameficha kitu mgongoni. Wanaume wengine huleta maua. Wangu aliniletea kura.

Denise nilimjua kabla sijamwona, kwa sababu jina lake liko ndani ya hadithi ya mume wangu.

Wekesa aliletwa huku na shangazi yake, dada ya baba yake, akiwa na miaka kumi na miwili. Sisi shangazi wa namna hiyo tunamwita Senge. Senge alikuwa nesi, hana mtoto wake, akamlea Wekesa kwenye mtaa huu huu. Mwaka ule wa kwanza kijana alikuwa haongei shuleni. Kiingereza alikielewa, ila watoto walicheka matamshi yake, basi akafunga mdomo. Mwalimu wake alikuwa Denise. Kila siku chakula cha mchana kikiisha alimbakisha darasani, akafunga mlango, akamwambia asome kwa sauti, wawili tu, na akikosea anamwacha amalize kwanza. Mpaka siku moja akasoma mbele ya shule nzima. Wekesa akinisimulia hili, mahali fulani katikati sauti yake huwa inapungua. Mpaka leo hamwiti Denise. Anamwita Mwalimu.

Sasa niambie, utaanzaje kumnyima kura mwanamke huyo?

Alikuja kwetu mara ya kwanza akiwa na Senge, wote wawili wameloa, koti la Denise likidondosha maji kwenye kapeti. Ni mwanamke mrefu, sauti kubwa, anacheka kabla hujamaliza kusema la kuchekesha. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alimkumbatia Wekesa mpaka miwani yake mwenyewe ikapinda. Alizaliwa hapa hapa, kwenye moja ya yale maghorofa marefu waliyoyabomoa, na kila mlango wa mtaa huu anajua ni nani yuko nyuma yake na mjukuu wake anaugua nini. Nilimpenda. Sitadanganya kwenye shajara yangu mwenyewe.

Niliwapa chai na mandazi, na Denise akaniuliza kama nina shida yoyote. Nikamwambia ninayo moja.

Mama yangu hakuja harusini. Alinyimwa viza. Nilipotembea kuelekea madhabahuni, mama alikuwa ndani ya simu ya binamu yangu, simu imeinuliwa juu, picha ikikatika, na nilipofika pale mbele nilisikia sauti yake ikisema, "Simwoni! Geuza, simwoni!" Watu walicheka, na mimi nilicheka. Halafu usiku wake nililia kifuani mwa mume wangu.

Denise alisikiliza, machozi yakamlengalenga, kweli kabisa. Akaniambia, "Usijali, mpenzi. Niingie tu bungeni, hilo nitalimaliza. Mama yako atakuja."

Nikasema, "Kura yangu unayo." Nani angesema vingine? Mtu yuko kwenye kiti chako, anakunywa chai yako, nguo zake zimeloa.

Senge alipiga makofi. "Mimi Northfield sina kura ya jimbo hili," akasema. Ni kweli, magoti yalipomsumbua alihamia nyumba isiyo na ngazi upande wa pili kabisa wa jiji, na sasa kila Jumamosi alikuwa anabadilisha mabasi kuja kugawa vipeperushi vya Denise. "Lakini nina kura mbili Castle Vale. Hizi hapa." Akatugusa mimi na Wekesa vichwani kama anahesabu watoto.

Kura zake mbili. Alilisema hilo kanisani, alilisema kwenye simu na wenzake wa kamati ya harusi yetu, ambayo yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake. Mnajua kamati ya harusi ya Wakenya. Ni baraza la mawaziri. Senge aliiongoza kwa miezi, akagombana na mpishi, akagombana na mpambaji, akamtisha mchungaji kuhusu muda wa mahubiri, na siku ile kila kitu kilikwenda kama maji. Na usiku wa kuamkia harusi, kwa kuwa mama yangu hakuwepo, ni yeye aliyeingia chumbani kwangu, akafunga mlango na kunipa maneno ambayo bibi harusi hupewa. Mengine siwezi kuyaandika hapa, nyuso zitawaka moto. Moja ninaweza.

"Ndani ya nyumba bishaneni mpaka sufuria zisikie," aliniambia. "Mbele ya watu, jibu liwe moja."

Nililipokea kwa moyo wote. Nililipokea nikiamini sitawahi kuwa na jibu tofauti na la Wekesa maisha yangu yote.

Kisha Manjula akabisha mlango.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi, Wekesa hayupo, mimi nimefunga leso kifuani, mkononi nina mwiko. Mbele yangu amesimama mama mfupi wa Kihindi, nywele za kijivu zimekatwa fupi, viatu vya raba. Akaanza kwa Kiingereza, akaiona leso, akanyamaza katikati ya sentensi. Maandishi ya leso akayasoma pole pole kwa midomo. Halafu akasema, "Mama, habari ya nyumba?"

Mwiko ulinidondoka. Nasema kweli.

"Usicheke," akasema. "Kiswahili yangu ni ya jikoni. Nazaliwa Kisumu. Baba alikuwa na duka ya vitambaa, mimi nakaa chini ya meza na watoto ya fundi, hiyo ndiyo shule yangu."

Nilimvuta ndani. Siyo kumkaribisha, kumvuta. Kulikuwa na uji, akanywa uji. Aliniuliza kama ni wa wimbi, yaani ulezi, akafumba macho alipoonja, akasema tangu waondoke Kisumu akiwa na miaka tisa hajawahi kupata wenye uchachu unaofaa. Ni mfamasia. Anakaa Moseley, kwenye yale majumba makubwa ya zamani, na nilipomwuliza kwa nini mtu wa Moseley anataka ubunge wa huku, hakukasirika. Alisema ni swali zuri na kwamba jibu lake si zuri kama swali: chama kilimwomba, akakubali, na tangu akubali amekuwa akitembea mitaa yetu kujifunza. Hata alipotea akija kwangu. Alizunguka jengo letu mara kadhaa.

Mimi nikambana vile vile nilivyombana Denise. Nikamweleza kuhusu mama.

Hakutokwa na machozi. Aliuliza, "Walisema sababu ni gani?"

Nikasema waliandika kwamba hawaamini atarudi nyumbani.

"Na atarudi?"

Nikashtuka. Kisha nikacheka. Mama yangu! Mama yangu ana ng'ombe anaowaita kwa majina, ana kibanda cha nafaka sokoni, ana chama cha akina mama anachokiongoza kwa mkono wa chuma, ana baba yangu ambaye hajui kuwasha jiko. Mama yangu akikaa huku zaidi ya mwezi ataugua.

"Basi haya yote mliwaambia?"

Hatukuwaambia. Tulieleza harusi, tulieleza ukumbi, tulieleza mshahara wa Wekesa. Hakuna mahali tuliposema mama yangu ni nani.

Manjula akaweka bakuli chini. Sasa aligeukia Kiingereza, nafikiri alitaka asikosee neno. Alisema hawezi kuniahidi kwamba mama atakuja, kwa sababu viza haitolewi na mbunge, na mbunge anayeahidi hivyo anatoa kitu ambacho hakiko mikononi mwake. Anachoweza ni kuandika na kudai maelezo, na kusimama bungeni kusema kwamba kumzuia mama kumwona mwanawe akiolewa ni ukatili. Bibi yake mwenyewe walimwacha Kisumu, wakitegemea atafuata. Hakufuata. "Aliongea na sisi kwa simu mpaka akafa," alisema. Alisema hivyo tu, akamalizia uji wake.

Mlangoni akaniuliza kama anaweza kunitegemea.

Na mimi, mtoto niliyelelewa vizuri na Mama wa Bungoma, nikasema, "Kura yangu unayo."

Ndiyo. Nilimwambia na yeye.

Naomba mnielewe. Nyumbani mgombea akija mlangoni unamwambia utampa kura. Wote unawaambia. Ni salamu. Ni kama kumwambia mgeni "karibu tena." Yeye anajua, wewe unajua, mnaagana vizuri, na siku ya kura kila mtu na moyo wake. Kumwambia mtu usoni "hapana, sitakupa", huku amekunywa uji wako, huko ni kumfukuza. Sikujua kwamba huku mtu akikuuliza hivyo anataka jibu la kweli, na ukisema ndiyo wanakushika kwenye neno lako mpaka siku yenyewe. Wanakuja na gari kukuchukua!

Subirini, nitafika huko kwenye gari.

Baada ya siku ile nilianza kuwalinganisha wanawake wale wawili kila nilipokuwa. Mimi natunza wazee majumbani mwao, natoka kwa huyu naenda kwa yule, na kwenye basi kuna muda mwingi wa kufikiri. Denise anaingia chumbani na chumba kinapata joto. Manjula anaingia na unajikuta umekaa vizuri. Denise anakumbuka jina la mbwa wako. Manjula anasahau jina lako, kwangu aliuliza mara mbili, ila hasahau swali lako. Denise amefanya mengi hapa kuliko mtu yeyote. Manjula bado hajafanya lolote hapa, na Senge alikuwa sahihi kulisema hilo kwa sauti.

Senge alisema na mengine. Siku aliposikia Manjula alikuwa kwangu, alikunja uso. "Wahindi wa Kisumu nawajua," alisema. "Dukani kwao ukiingia wanakuangalia mikono." Ninajua hayakuwa maneno matupu, aliyaona kwa macho yake akiwa msichana. Lakini Manjula alikuwa chini ya meza na watoto wa fundi, na alikuwa na miaka tisa.

Swali lililonisumbua zaidi nilijiuliza mwenyewe. Je, Nekesa, unampenda kwa sababu ya kile Kiswahili chake? Angekuja na Kiingereza chake cha duka la dawa ungemvuta ndani? Nililigeuza swali hilo siku nyingi. Nikakubali kwamba Kiswahili kilimfungulia mlango. Ni kweli, nilikuwa na kiu ya lugha yangu kinywani mwa mtu nisiyemjua. Ila nilipoondoa Kiswahili chote, na uji, na Kisumu, bado kulibaki kitu. Mwanamke mmoja aliniambia nililotaka kusikia. Mwingine aliniambia niliyohitaji kujua, na alikuwa radhi nimchukie kwa hilo.

Nilitaka huyo wa pili ndiye akanisemee.

Wekesa sikumwambia. Hii ndiyo sehemu ninayoandika haraka. Sikuogopa atakasirika, mume wangu hakasiriki, akikasirika anapiga pasi. Niliogopa lile jibu moja. Tulikuwa hatujawahi kuwa na majibu mawili juu ya kitu chochote, tulikuwa hata pizza tunachagua ile ile, na mimi nilikuwa nimeipenda hali hiyo kama mtoto anavyopenda blanketi.

Basi, jana. Alhamisi. Siku ya kura.

Asubuhi Wekesa ametoka kazini, yuko na soksi tu, anakunywa chai dirishani. Honi ikalia. Ni Senge, gari la Denise limemchukua tangu Northfield, amevaa kitenge cha harusi yetu, kile cha kamati, na kifuani amebandika ua kubwa la karatasi lenye jina la Denise. Akapanda ngazi zote na magoti yake yale. "Kura zangu ziko tayari?" akaita kutoka koridoni. "Vaeni viatu! Dereva amezima injini, lakini hajazima hasira."

Nilikuwa natafuta pasipoti yangu, maana huku lazima uoneshe kitambulisho chenye picha. Kengele ikalia tena. Senge, akiwa karibu na mlango, akafungua.

Alikuwa mzee wa Kisikh, kilemba cha samawati, koti safi, mwavuli. Akainama kidogo. "Shikamoo, mama," akamwambia Senge, Kiswahili safi kuliko changu. "Natafuta Bi Nekesa. Manjula amesema nisimsahau, maana alimwahidi kura. Gari liko chini."

Senge aliangalia kilemba. Akaniangalia mimi. Akaangalia mikono yangu yenye pasipoti. "Bi Nekesa," akasema pole pole, "unatafutwa."

"Senge..."

"Hapana, mgeni asisimame mlangoni. Baba, karibu. Bi Nekesa huyu hapa. Kumbe ana kura nyingi, atagawa mpaka za majirani."

Yule mzee maskini akaelewa, akaanza kurudi nyuma, akiomba radhi kwa lugha zote alizonazo. Mimi nilihisi joto kutoka shingoni mpaka masikioni. Niligeuka kumtazama Wekesa, nikitegemea kuona uso wa mtu aliyeaibishwa mbele ya mama yake mlezi. Mume wangu alikuwa ameweka kikombe chini na ananitazama kwa makini sana, kama anavyotazama mgonjwa anayetaka kusema kitu.

"Mavuno," akaniuliza, "unataka kwenda na gari gani?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kwa sababu hakujua jibu. Na nikaona hilo lilimvutia badala ya kumwudhi, kwamba ndani ya mkewe kuna chumba ambacho bado hajaingia.

"Nitatembea," nikasema.

"Kuna mvua," akasema Senge.

"Nitatembea, Senge. Wekesa atakuja na wewe."

Nikavaa koti nikashuka ngazi. Nyuma nilimsikia Senge akisema, "Umemwona? Umemwona mkeo?" na Wekesa akijibu, "Namwona, Senge," na katika hayo maneno mawili kulikuwa na kitu ambacho nitakitunza mpaka niwe bibi.

Kituo cha kura ni ukumbi wa kanisa. Mbwa wamefungwa nje. Ndani kimya, watu wachache, hakuna foleni ya kuzunguka shule, hakuna wino wa kidole, na penseli imefungwa kwa uzi kama vile wanaogopa utaiiba. Niliingia kwenye kile kibanda cha mbao. Majina yao mawili yalikuwa yamepishana kidogo tu. Nilimfikiria mvulana anayesoma kwa sauti na mlango umefungwa, na moyo ulinivuta huko, sitaficha. Nilisema kimoyomoyo, "Asante, Mwalimu." Kisha nikaweka alama yangu kwa Manjula.

Nilipotoka, gari lilikuwa limefika. Wekesa akaingia ukumbini, akanigusa kiwiko tukipishana. Nikabaki na Senge chini ya mwavuli.

Ningeweza kunyamaza. Kura ni siri. Hakuna mtu duniani angeniuliza, na Senge mwenyewe angependelea nisiseme. Lakini nimeshasema "ndiyo" za adabu za kutosha mwaka huu.

"Senge, nimempa Manjula."

Alilitengeneza lile ua kifuani, ingawa halikuwa limepinda.

"Usiku ule uliniambia tuwe na jibu moja," nikasema. "Nimejaribu. Kwa hili sina jibu la Wekesa. Nina langu. Na mama yangu hayupo hapa wa kulisikia, ndiyo maana nakwambia wewe."

Senge akaingia kwenye gari. Akafunga mlango bila kuubamiza, jambo lililoniogopesha zaidi. Nilirudi nyumbani nimekumbatiwa na mume wangu, mwavuli mmoja, bega lake moja limeloa chapa chapa. Nilimweleza yote njiani, uji na Kisumu na bibi aliyeachwa. Alisikiliza. Mwisho akasema, "Mwalimu angekupenda kwa hilo. Alikuwa hapendi tunakili majibu ya wenzetu."

Unaona mwanaume niliyepewa?

Leo asubuhi matokeo yametangazwa. Denise ameshinda, na ameshinda vizuri. Wekesa alipiga ngumi hewani, kisha akakumbuka, akanitazama kwa kuogopa, na mimi nikamrukia shingoni nikampongeza. Nilikuwa nafurahi kwa ajili yake kweli. Manjula nilimwandikia ujumbe mfupi wa Kiswahili. Alinijibu kwa makosa matamu na kusema anakwenda kulala.

Halafu simu ikalia. Senge.

Nilikaa kitandani kwanza ndipo nikapokea.

"Hallo, upinzani," akasema.

"Shikamoo, Senge."

"Usinishikamoe. Nimeamka na ushindi, nataka kumcheka mtu, Wekesa amelala, kwa hiyo nimekupigia wewe. Mbunge wako yuko wapi leo?"

"Mbunge wangu ni Denise, Senge."

"Tangu lini?"

"Tangu alfajiri. Ni mbunge wa Castle Vale. Wewe ndiye huna, uko Northfield."

Nikasikia kicheko cha yule yule aliyemtisha mchungaji, kikianza mbali na kupanda mpaka akakohoa. "Mtoto mbaya," akasema. "Mtoto mbaya kabisa. Umeninyima kura, sasa unaninyima na mbunge!"

Nikamwambia nitakwenda ofisini kwa Denise wiki ikianza, na sitakwenda kudai ahadi. Nitakwenda kumweleza mama yangu ni nani, ng'ombe kwa ng'ombe, mpaka amjue. Senge aliguna. Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya usiku wa kuamkia harusi.

"Kwenye gari jana nilikuwa nimekasirika," alisema. "Dereva anaweza kukueleza. Lakini nilivyofika nyumbani nikajiuliza, huyu angenidanganya ningejua? Nisingejua. Angesema Denise, ningempikia kuku." Akavuta pumzi. "Mimi wasichana wa kunidanganya ninao wengi, Nekesa. Kanisa zima."

Nilikuwa nalia kimya kimya na nilijua anajua.

"Utakuja lini?" akauliza.

Nilimwambia, na nayaandika hapa ili yasibaki maneno ya adabu kama yale mengine: Senge, nakuja. Si kwa gari la mtu. Nitapanda mabasi yangu mpaka Northfield, nitakaa jikoni kwako mchana kutwa, na utaniuliza lolote nami nitakujibu kweli. Nakuja kabla mwezi huu haujaisha.